Kidonge Chenye Harufu ya Sabuni

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa kwenye veranda ya nyumba yetu mtaani Hewa Bora, nyuma ya mashini ya pedali, mgongo umeinama, miwani imeshuka puani. Babu alikuja Lubumbashi kutoka Maniema akiwa na mkasi na Kurani, na vyote viwili akamwachia baba. Mwezi wa nane, kabla shule hazijafunguliwa, veranda yetu ilijaa vitambaa vya bluu na vyeupe vya sare, na wamama wa mtaa walipanga foleni mpaka nje ya geti.

Mimi ndiye binti yake pekee. Kaka yangu alikwenda Ubelgiji zamani akabaki huko. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na sita. Alipata homa, akaenda kupigwa sindano kwenye zahanati ndogo ambayo siku hizi haipo tena, pakaota jipu, jipu likaingia kwenye damu. Ilichukua siku tisa. Tangu hapo baba hakukubali sindano imguse. Hata alipoumwa malaria kali alimeza vidonge na kutetemeka chini ya blanketi hadi ikapita.

Nilisoma uuguzi miaka miwili, nikaacha, nikapata kazi ya kuuza kwenye duka la dawa karibu na soko. Watu wa mtaa waliniita dokta kwa utani. Nami, nikisema ukweli, nilipenda kuitwa hivyo.

Ugonjwa wa baba ulianza kwenye mishono. Mama mmoja alirudisha shati la mtoto wake, akalitandaza juu ya meza ya baba.

"Fundi, angalia. Huu mushono unatembea kama mulevi."

Baba alilitazama lile shati kwa muda mrefu. Hakujitetea. Alilifumua lote, akalishona upya, na likatoka vilevile. Jioni, tukila bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaniambia bila kuniangalia usoni, "Miguu yangu haisikie tena pedali. Nakanyaga, lakini sijue kama nimekanyaga."

Nikamwambia ni uchovu.

Wiki chache baadaye alirudi kutoka msikitini na kandambili moja. Mguu wa pili ulikuwa unatoka damu kisiginoni, na alikuwa ametembea hivyo njia nzima juu ya changarawe bila kujua. Nilimkalisha, nikamwosha. Nilipomvuta kope la chini nikaona ndani ni peupe kama karatasi. Nikamwambia atoe ulimi: ulikuwa mwekundu, laini, unang'aa kama uliomenywa. Ndipo nikakumbuka kwamba alikuwa ameacha kula pilipili, yeye ambaye hakuweza kula bila pilipili.

Nikajua ni nini. Au nilidhani najua. Damu imepungua. Kesho yake nilileta kutoka kazini sirupu ya chuma na vidonge vya asidi ya foliki, vile vile ninavyowauzia wanawake wajawazito kila siku. Nikampangia: kijiko asubuhi, kidonge mchana.

Baada ya wiki tatu baba alikuwa mtu mwingine. Rangi ilirudi midomoni. Alikula, akaanza kutania wateja. Jirani yetu alisimama getini akasema, "Kweli ni muzuri kuwa na mutoto anajua dawa." Nililichukua neno lile, nikalala nalo.

Miguu haikubadilika. Nikamwambia baba ni uzee, nikawa namkanda kwa mafuta ya mawese kila jioni. Akawa anatembea akigusa ukuta. Akawa anaweka miguu mbalimbali, kama mtu aliye juu ya boti. Siku moja alikuwa anatawadha kwa sala ya alasiri kwenye bomba la uani. Alifumba macho ili anawe uso, na alipofumba tu akaanguka, kama mtu aliyesukumwa. Paji la uso lilipiga ukingo wa saruji.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwanamke, mdogo kuliko mimi, mtoto wa familia ya Kasai iliyohamia mjini zamani. Alimshona baba lile jeraha akiwa amemshikisha mkono wangu, na baba alinibana mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha, badala ya kuturuhusu, akauliza, "Papa, ulianguka namna gani?"

"Nilifunga macho tu."

Akamsimamisha. "Unganisha miguu. Sasa funga macho." Baba alifumba, akayumba, na daktari akamdaka kifuani kana kwamba alikuwa analingoja lile. Akatoa chuma kidogo chenye ncha mbili, akakigonga, akakiweka kwenye kifundo cha mguu.

"Unasikia inatetemeka?"

"Naisikia mu masikio," baba akasema. "Mu muguu, hapana."

Daktari alikaa, akaanza kuandika. Akaniuliza ni dawa gani alizotumia. Nikamtajia kwa mpangilio mzuri, na vipimo vyake, kama mtu wa kazi anavyozungumza na mtu wa kazi mwenzake. Nilipofika kwenye asidi ya foliki, kalamu yake ilisimama. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia tu, kisha akasema polepole, kwa Kifaransa, ili baba asifuate yote, kwamba asidi ya foliki inaweza kurekebisha damu ya mtu asiye na vitamini B12, lakini haiirekebishi mishipa ya fahamu. Damu inakuwa nzuri, mgonjwa anapendeza machoni, na mishipa inaendelea kuoza chini kwa chini. Ugonjwa unakuwa umefichwa.

"Ni muda gani ulimpa?" akauliza.

"Miezi saba," nikasema.

Damu ya baba ilipelekwa kupimwa mbali, na majibu yalichukua muda kurudi. Yalipokuja yalikuwa kama alivyosema. Vitamini ile karibu haikuwemo. Tumbo la baba lilikuwa limeacha kutengeneza kitu kinachoibeba na kuiingiza mwilini. "Hata akila ng'ombe muzima," daktari akatuambia, "itapita tu na kutoka. Tutaipitisha kwa sindano."

Baba akasema hapana. Alisema hapana siku mbili. Siku ya tatu nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba wa mama, na akavaa kofia yake tukaenda.

Alipigwa sita. Ya sita ilimvimba kidogo begani, uvimbe usiozidi punje ya hindi, ambao daktari alisema utaisha wenyewe, na kweli uliisha. Lakini baba aliugusa asubuhi na jioni. "Mama yenu alianzaka hivi hivi," akasema. Na hapo akafunga mlango. Nilimbembeleza, imamu akaja kumbembeleza, kaka akapiga simu kumbembeleza. Hakutoka tena kwenda sindano.

Kaka ndiye aliyepata vile vidonge. Alinipigia akiwa na furaha, akasema kuna vitamini B12 ya kumeza, imetengenezwa hasa kwa watu ambao matumbo yao hayaipokei. Alinitumia picha ya karatasi ya maelezo. Niliipeleka kwa daktari wetu, naye akaisoma mara mbili.

Baba alikuwepo, kwa hiyo akamweleza yeye, si mimi. "Papa, tumbo lako lina ukuta. Vitamini ni kubwa, haipite peke yake. Ndani ya hii dawa bametia kitu kingine, kinatoka mu asidi ya mafuta, ya namna ile iko mu nazi na mu mbegu ya ngazi, muti wa mawese, bakaichanganya na chumvi. Inafungua njia kidogo mu ukuta wa tumbo, vitamini inapita, kisha njia inajifunga."

"Mafuta na chumvi," baba akasema. "Kama sabuni."

Daktari akacheka. "Ni ndugu ya sabuni, wa mbali."

Baba akatuambia kwamba bibi yake kule Maniema alikuwa anachemsha mawese na majivu ya maganda ya ndizi, sabuni nyeusi inatoka, na kwamba yeye mwenyewe akiwa mtoto aliwahi kuila akidhani ni kitu kitamu. Lilikuwa jambo refu kuliko yote aliyowahi kusema hospitalini. Nadhani siku ile alikuwa tayari ameamua kuiamini ile dawa.

Chupa ya kwanza ililetwa na msafiri. Baba aliifungua, akainusa. "Ni kweli," akasema, "iko na harufu ya sabuni." Akawa anakimeza kidonge kila asubuhi na maji kidogo, tumbo likiwa tupu, kisha anakaa akisubiri kabla ya kunywa chai, kwa sababu daktari alisema chakula kikiwemo tumboni njia haifunguki vizuri. Mwezi wa Ramadhani alikimeza wakati wa kufuturu, na maji, halafu akakaa akiitazama sahani ya tende mpaka muda utimie. Sijawahi kumwona mtu anayemeza dawa kwa adabu namna ile.

Ilifanya kazi. Ulimi ulipona, akadai pilipili. Akarudi kukumbuka vipimo vya wateja bila kufungua daftari. Mwezi wa tatu wa kumeza vidonge alisema wadudu wanatembea kwenye magoti yake, nikaogopa, na daktari akasema ni vizuri, ni mishipa inayoamka. Alianza kwenda msikitini kwa fimbo. Daktari alisema tukiendelea bila kukatiza, na kwa bahati, anaweza kurudishiwa mengi. Si yote. Mengi.

Tuliendelea hivyo karibu mwaka mmoja.

Kisha kaka alipiga simu nikiwa kazini. Sauti yake ilikuwa chini. "Haviko tena," akasema. "Nimezunguka kila mahali. Kampuni imeacha kuviuza."

"Vitarudi lini?"

"Havitarudi, dada."

Nilirudi nyumbani nikahesabu vilivyobaki. Vilikuwa kumi na moja.

Nimejaribu mara nyingi kueleza, hata kwa nafsi yangu tu, kwa nini sikwenda kwa daktari wiki ile. Hospitali haikuwa mbali. Daktari hakuwa mkali. Nadhani sikutaka kuiona tena kalamu yake ikisimama. Na nilijua atasema nini, atasema sindano, na mimi ndiye ningelazimika kuingia chumbani kwa baba na neno hilo mdomoni. Kwa hiyo nilifanya jambo jingine. Dukani tulikuwa na vidonge vyeupe vya vitamini B za mchanganyiko, vya kawaida, vyenye B12 kidogo sana ndani yake, visivyo na kitu chochote cha kufungua njia. Vilikuwa vikubwa sawasawa na vile vya kaka. Siku kidonge cha kumi na moja kilipokwisha nilivimimina ndani ya chupa ileile, nikakaza kifuniko, nikairudisha kwenye rafu.

Nilijiambia ni kwa wiki mbili, mpaka nipate njia. Zikapita wiki mbili. Zikapita miezi minane.

Baba aliendelea kumeza kila asubuhi, na maji kidogo, na kusubiri kabla ya chai. Mimi niliendelea kumtazama. Mwanzoni hakukutokea kitu, na hilo ndilo lililonidanganya. Kisha akaacha kwenda msikitini, akasema barabara imeharibika. Akaanza kuwavunja moyo wateja: akikata mikono miwili ya kushoto, akisahau kola. Siku moja aliniita kwa jina la mama, na hakujirekebisha. Kisha mashini ikafunikwa shuka, na hakuna aliyesema ni lini itafunuliwa.

Asubuhi moja nilimletea maji. Alikuwa ameshika kidonge kwenye kiganja, hakukitia mdomoni.

"Mama," akaniambia, kama baba wa kwetu anavyomwita binti yake akitaka kumsemesha kwa upole, "hii dawa ni ya wapi?"

"Ni ileile, baba."

"Hapana. Ile ilikuwa na harufu. Hii haina."

Nikasimama na ile glasi. Nje mtu alikuwa anapita akiuza mkate, anaita, anaita, na mimi nilisubiri amalize kupita ndipo nijibu, kana kwamba yule mtu asingepaswa kusikia.

"Zile ziliisha," nikasema. "Kaka alikosa. Nikaweka hizi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Ulipofungua chupa nilinusa."

Niliketi chini, kwenye saruji, karibu na miguu yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alifikiri kwa muda, na siku hizo kufikiri kulikuwa kazi kwake, ungeona uso wake ukitafuta maneno.

"Niliona ukinificha, nikajua zimekwisha," akasema. "Nikasema, nikimuuliza ataniambia sindano. Basi nikanyamaza. Wewe ulinidanganya, mimi nilijifanya nimedanganyika. Tulikuwa babili."

Kisha akanyoosha mkono kwangu nimsaidie kusimama. "Twende kwa yule mutoto wa Kasai," akasema. "Anipige."

Hatukupata teksi iliyokubali kuingia mpaka getini, kwa hiyo jirani alitusaidia kumbeba kwenye kiti hadi barabarani. Daktari alimpima, akamgonga magoti, na miguu ikaruka kwa ukali kama miguu ya mtu mwingine. Nikamweleza yote. Safari hii nilieleza kwa Kiswahili, mbele ya baba.

Daktari akaniuliza jambo moja tu. "Juu ya nini haukukuja kuniuliza?" Akasema kwamba kuna vidonge vya B12 peke yake, vya nguvu sana, vya bei ya chini, bila kile kitu cha asidi ya mafuta. Ukimeza kipimo kikubwa kila siku, sehemu ndogo sana hupenya yenyewe, na kwa wengi hiyo sehemu ndogo inatosha. Vinaagizwa. Vilikuwa vinaagizwa muda wote ule, hapahapa mjini. Mimi nilikuwa nikifanya kazi dukani, nimezungukwa na orodha za kuagiza, na sikuwahi kulitafuta hilo neno.

Baba alikunja mkono wa shati mwenyewe. Alipigwa sindano bila kunishika. Alitazama ukutani, palipokuwa na picha ya mwanamke akimnyonyesha mtoto, na machozi yakamtoka jicho moja.

Akili ilirudi. Hilo nalishukuru, ingawa kuna siku nililiogopa, kwa sababu ilirudi yote, na akawa anajua kila kitu kilichompata. Miguu haikurudi. Daktari alituambia mapema, hakutuficha: mishipa iliyokaa muda mrefu namna ile haiamki. Nilimfuata kwenye korido nikamuuliza kama ningekuja mwanzo, kabla ya sirupu, au hata baada ya chupa kwisha, ingekuwaje.

"Angetembea," akasema. Kisha, labda kwa kuona uso wangu, akaongeza, "Nafikiri angetembea."

Baba alikaa misimu miwili ya mvua kwenye kiti na kitanda. Nilipunguza saa za kazi. Nilijifunza kumgeuza kila baada ya muda ili ngozi isife, kumnyanyua nikiwa nimeweka goti langu kati ya magoti yake, kumnyoa. Hatukulizungumzia tena lile jambo la chupa. Mara moja tu, nikimkata kucha za miguu, nilianza kusema nisamehe, na akanikatiza: "Uangalie usikate nyama. Mie siwezi kusikia." Sikujua kama lilikuwa jibu.

Alifariki mwezi wa saba, katika baridi ile kavu ya kwetu inayoingia kwenye mifupa. Kifua kilimbana, homa ikapanda, siku nne tu. Daktari alisema mtu asiyetembea mapafu yake huchoka mapema. Alizikwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Wanaume walimchukua, sisi wanawake tukabaki uani, tukasikia sauti zao zikipungua barabarani.

Kaka hakuwahi kufika. Karatasi zake za kusafiria zilikuwa zimekwama. Alipiga siku ya tatu, mchana, wakati wageni wameanza kupungua. Nikaingia chumbani kwa baba, nikafunga mlango, nikamwambia. Vidonge vyeupe, chupa, miezi minane. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kuacha.



"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Daktari. Na baba."

"Baba alijua?"

"Alijua."

Nikamsikia akiweka simu chini, juu ya meza au kitanda, sijui. Nikasikia maji ya bomba yakitiririka nyumbani kwake, kule mbali, kwa muda. Aliporudi sauti yake ilikuwa imekauka. Hakuniambia amenisamehe, na hakunilaumu. Hata leo hajasema lolote kati ya hayo mawili. Alichouliza ni kama watu walikuja kwa wingi kwenye msiba.

Nikamwambia walikuja. Wamama aliowashonea sare walikuja na watoto wao ambao sasa ni watu wazima. Watu walitoka hata kule Annexe, pembezoni mwa mji, kwa miguu. Viti viliazimwa nyumba kwa nyumba, vikafunga barabara mpaka kwenye kona, na magari yakalazimika kuzunguka.

Baada ya miezi ile yote ya kuficha, hilo, angalau, lilikuwa kweli.